Alama Zilizotembea Ndani ya Mguu wa Syombua

Kitu cha kwanza nilichofundishwa katika chumba cha eksirei ni kufunga mlango. Cha pili ni kuufunga tena, kwa sababu kufikia hapo kuna mtu amekwisha kuingia. Aliyenifundisha ni Mzee Mutisya, mpiga picha wa hospitali yetu ya misheni upande wa Makueni, siku zile Makueni ikiwa bado ndani ya Machakos. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya kuongoza maombi, na katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sikumwona akicheka. Wagonjwa walidhani ana huzuni. Hakuwa na huzuni. Alikuwa akingoja watu wamalize kusema.

Nawaandikia nyinyi mnaosomea kazi hii sasa. Mnabonyeza, picha inatokea kwenye kioo. Sisi tuliosha filamu gizani kwa mikono, tukazianika kwa vibanio kama soksi, na zilipokauka ndipo tulipojua kama mgonjwa alipumua tulipomwambia asipumue. Wengi walipumua. Lakini sikukaa chini kulalamika. Juzi mmoja wenu aliniuliza kwa nini zamani tulihangaika sana na vipande vya chuma vidogo hivyo mwilini mwa mtu, na kwa nini mpaka leo vinawekwa, ilhali kompyuta inaona kila kitu. Ni kweli inaona. Shida ni kama ulichokiona jana kiko pale pale leo.

Siku hizo Nairobi kulikuwa na mashine ya miale ya kutibu saratani. Mashine ile haikuwa na macho. Ukiielekeza kwenye ugonjwa, inachoma ugonjwa. Ukiielekeza kwenye nyama nzima, inachoma nyama nzima kwa uaminifu ule ule. Ilibidi mtu aionyeshe mahali. Njia ya kawaida ilikuwa kuchora ngozi kwa dawa ya zambarau, na mgonjwa anaambiwa asioge sehemu hiyo. Sasa mwambie mama wa Kikamba anayekwenda kanisani Jumapili asioge. Atakuitikia vizuri, ataoga, kisha atajichora upya kwa kalamu ya mtoto wake wa shule, karibu na pale palipokuwa na alama. "Karibu na pale" ni maneno mabaya sana katika kazi hii.

Kwa ugonjwa ulioko ndani zaidi, wataalamu waliweka alama ndani: punje za dhahabu, ndogo kama mchele uliovunjika. Dhahabu haishiki kutu, mwili haugombani nayo, na kwenye filamu inang'aa nyeupe. Unapiga picha ya mbele na ya ubavuni, unapima kutoka punje hadi punje, na sasa unaweza kuiambia mashine ielekee wapi. Shida ni moja tu. Punje ni laini, na mwili nao ni mahali penye unyevu na mwendo. Kitu laini mahali penye unyevu huteleza.

Nililiona hilo mara ya kwanza nikiwa Kitui, nilikoazimwa kwa muda kabla ya kurudi Makueni. Mfanyabiashara mmoja wa mifugo kutoka Kyuso, Mzee Abdi, alikuwa amewekewa punje Nairobi kwenye ukuta wa kibofu, akaambiwa arudi baada ya muda kuanza miale. Akaja kwetu badala yake, kwa sababu ndiyo hospitali iliyokuwa karibu. Aliweka mezani karatasi iliyokunjwa vizuri.

"Hii ni mali ya Nairobi," akasema. "Imetoka na mkojo. Sikutaka kuonekana mwizi."

Tulimshukuru. Alirudishwa Nairobi, akawekewa nyingine, akatibiwa, akarudi kwa ng'ombe wake. Mimi nilibaki nikiwaza kwamba yule alikuwa mtu mwaminifu, na bado punje yake ilimponyoka. Itakuwaje kwa yule ambaye punje yake itahama bila kutoka, akae kimya nayo ndani?

Jibu lilikuja kutoka Mbumbuni, na jina lake lilikuwa Syombua.

Syombua alikuwa mama wa watoto watatu, wa kwanza Mutua, mume wake akifanya kazi Mombasa. Shamba lao liko kwenye mteremko, shamba la mitaro, ambalo mtu mwenye mguu mmoja hawezi kulilima. Alikuja na uvimbe kwenye paja, mkubwa kama parachichi. Daktari wetu, Daktari Mbithi, aliutoa. Kipande kilichopelekwa Nairobi kupimwa kilirudi na majibu tuliyokuwa tukiyaogopa. Ni saratani, na ya aina inayopenda kurudi pale pale ilipotolewa.

Daktari Mbithi alimweleza nikiwepo. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Mama Mutua, kuna njia mbili. Moja ni kukata mguu huku juu. Ya pili ni kuuacha mguu na kupiga miale pale uvimbe ulipokuwa. Hiyo ya pili ni ndefu, na lazima miale ipige mahali penyewe."

"Na ikikosa mahali?"

"Ikikosa, ugonjwa utarudi, na tutarudi kwenye ile njia ya kwanza. Ikiwa hatutakuwa tumechelewa."

Syombua alimtazama mama mkwe wake, Kaluki, aliyekuwa ameketi kwenye benchi na kikapu mapajani. Kaluki alikuwa amezaa wavulana watupu. Alipenda kusema kwamba Mungu alimnyima binti mpaka Syombua alipoolewa, ndipo akalipa pamoja na faida.

"Miale," akasema Kaluki. Mambo yakaisha hapo.

Daktari Mbithi alikuwa ameona mapema kwamba huenda mambo yakafika huko, kwa hiyo siku ya kutoa uvimbe alikuwa amekwisha kuweka punje nne za dhahabu alizopewa na mtaalamu wa Nairobi. Aliziweka kwenye mipaka minne ya lile shimo ulimotoka uvimbe, kama mtu anayepima kiwanja. Mimi nilipiga picha. Mzee Mutisya alipima kwa rula, akaniita nione.

"Kwa nini nne?" akaniuliza.

"Ili tujue upana na urefu."

"Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni kwamba alama moja haiwezi kujisema yenyewe kuwa imehama. Zikiwa nne, tatu zitamshitaki mwenzao."

Likaririni hilo. Mimi nimelitumia maisha yangu yote ya kazi, na mara mbili tatu kanisani pia.

Syombua aliruhusiwa kwenda nyumbani angoje nafasi Nairobi. Tulimwambia asilime, asibebe maji, asipande punda. Aliitikia. Mbumbuni nako habari ilikuwa imemtangulia: Syombua amewekewa dhahabu mguuni. Majirani walikuja kumjulia hali kwa wingi kuliko ilivyo kawaida, na wengi waliujulia hali mguu. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza kwa upole kama dhahabu hiyo itahesabiwa katika fungu la kumi. Akina mama wa mwethya, lile kundi lao la kusaidiana kuchimba mitaro, walimchimbia sehemu yake bila kuombwa. Kaluki aliwapikia isyo, mahindi na maharagwe, sufuria mbili. Kwa hiyo kwa habari ya kutolima, tulitiiwa kabisa.

Mara mashine ya Nairobi ikaharibika. Kipuri kilikuwa kinatoka ng'ambo, na hakuna aliyejua kitafika lini. Wiki zikaenda. Hatimaye tulipoambiwa inafanya kazi tena, tulimwita Syombua kwa picha ya mwisho kabla ya safari. Ilikuwa picha ya kawaida tu, ya kufunga kazi.

Nilianika filamu, nikaiweka kwenye kisanduku cha taa kando ya ile ya kwanza. Nikapima. Nikafuta rula kwa shati, nikapima tena. Punje tatu zilikuwa mahali pake. Ya nne, ile iliyoonyesha mwisho wa juu, karibu na kinena, ilikuwa imeshuka kuelekea goti upana wa vidole viwili.

Vidole viwili si kitu ukiwa unapima unga. Lakini kama Nairobi wangeifuata ile punje, miale ingeishia vidole viwili chini ya pale ugonjwa ulipokuwa. Pale juu pangebaki pazima, pametulia, na saratani ndani yake.

Nilimwita Mzee Mutisya, naye akamwita Daktari Mbithi. Tulisimama watatu mbele ya taa kama watu wanaosoma tangazo la kifo. Kisha tukamwita Syombua na mama mkwe wake.

"Umelima?" Daktari akauliza.

"Hapana."

"Umeanguka?"

"Hapana, daktari. Hata maji sijachota."

"Umepanda punda?"

Kaluki akaingilia, kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri na ametukanwa. "Hajafanya kitu. Hajainua hata sahani. Hii mguu ilikuwa imefura, mimi ndiye naikanda kila asubuhi na mafuta ya mbarika. Naanzia huku juu, nateremsha mpaka kwa goti. Na imeshuka, angalia."

Mzee Mutisya aliweka kidole kwenye ile punje ya nne. Kisha akasema, "Ni kweli, mama. Imeshuka."

Kaluki hakuwa mjinga. Alitutazama mmoja mmoja, akaitazama ile filamu yenye vitone vyeupe, na nadhani alielewa kabla Daktari Mbithi hajamaliza kueleza. Hakulia. Aliingiza mikono yake chini ya leso na hakuitoa tena siku hiyo. Syombua ndiye aliyesema kwanza, akimwita mama kwa Kikamba.

"Mwaitu, ulikuwa unanisaidia. Mguu ulikuwa unauma."

"Nilikuwa nafukuza dawa," akasema Kaluki.

Mkiwa kazini mtakutana na jambo hili mara nyingi. Katika makosa yote niliyoyaona ya wagonjwa na jamaa zao, yale ya uvivu au ukaidi yalikuwa machache. Mengi yalifanywa na mtu anayempenda mgonjwa, kila asubuhi, bila kukosa. Sisi tulikuwa tumekataza jembe, ndoo na punda. Hakuna aliyefikiria kukataza mikono ya mama mkwe.

Sasa tufanye nini? Kurudisha ile punje peke yake hakukutosha. Kama moja ilihama, nyingine ingeweza kuhama katikati ya matibabu, na matibabu yenyewe ni ya wiki nyingi. Daktari Mbithi alitaka kitu kisichoweza kuteleza. Mzee Mutisya alitaka kujua kwa macho yake kwamba hakiwezi. Baada ya kuzungumza, kesho yake Daktari akatuma mtu sokoni Mukuyuni akanunue paja la mbuzi.

Paja lilipofika, Daktari aliliwekea alama tatu mbalimbali. Ya kwanza ilikuwa punje laini kama zile za mwanzo. Ya pili ilikuwa punje ambayo Mzee Mutisya aliikwaruza kwa tupa mpaka ikawa na meno. Ya tatu haikuwa dhahabu kabisa. Ilikuwa kipande cha waya mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, ule wanaotumia kushonea mifupa, kilichokunjwa kuwa kitanzi kidogo na kufungwa kwenye nyama kwa uzi wa nailoni. Nikapiga picha. Kisha nikatumwa kumwita Kaluki.

Alikuja akasimama mlangoni, mikono ingali ndani ya leso. Akalitazama lile paja mezani.

"Huyu mbuzi anaugua nini?"

"Haugui kitu, mama," akasema Mzee Mutisya. "Amekufa. Tunaomba umkande kama ulivyomkanda Syombua."

Alitutazama kwa muda, akipima kama tunamcheka. Hatukuwa tunacheka, na Mzee Mutisya hakuwa na uso wa kuchekea. Kaluki akafungua kikapu chake, akatoa chupa ya mafuta ya mbarika, akajipaka viganjani, akaanza. Nilikuwa nimewaza atapapasa tu. Vijana, mama yule alikuwa na mikono ya mtu aliyechimba mitaro maisha yake yote. Alilikanda lile paja kutoka juu hadi chini, kwa vidole gumba, kwa ngumi, na kwa kiwiko. Kuna wakati alinong'ona kwa Kikamba maneno ya kubembeleza, nadhani kwa kusahau.

"Amekaza," akatuambia.

"Endelea tu, mama."

Punje laini ilitokeza kwenye mpasuko, ikadondoka sakafuni. Tulipiga magoti sote wanne kuitafuta chini ya meza ya eksirei, na Kaluki ndiye aliyeipata. Nikapiga picha ya pili. Ile punje yenye meno ilikuwa imesogea kidogo. Kitanzi cha waya kilikuwa pale pale, kama nyumba iliyosimama baada ya mafuriko.

"Mbuzi aliyekufa si mama aliye hai," Daktari Mbithi akasema. "Mwili ulio hai unavimba, unanywea, unatembea. Lakini sasa tuna mahali pa kuanzia."

Kaluki alikuwa akiifuta mikono. "Hiyo ya kushonwa," akasema, "nimeisukuma kweli. Imekataa."

Nyama ile Mzee Mutisya aliona ni dhambi kuitupa. Alitoa waya na punje, akaibeba nyumbani, ikaoshwa, ikapikwa. Mafuta ya mbarika ndiyo yale wazee waliyokunywa kusafisha tumbo, na kuosha hakukuyatoa yote. Kesho yake nilifanya kazi peke yangu.

Kulibaki neno la Syombua mwenyewe. Kufunguliwa tena kidonda kilichopona si jambo la kumwambia mtu ukiwa njiani. Daktari aliketi naye.

"Mkifungua, mtafunga?" akauliza Syombua.

"Tutafunga."

"Na hizo za kushonwa, zitakaa?"

"Sijawahi kuzitumia hivi. Naamini zitakaa. Tutapiga picha kabla hujaondoka, na ukiwa Nairobi watapiga tena. Zikisogea, tutajua."

Alifikiri. "Basi nilikuwa sijui kama zinaweza kusogea. Sasa najua na wewe unajua. Fungua."

Mkubali au msikubali, hiyo ndiyo ruhusa bora zaidi niliyowahi kusikia mgonjwa akitoa.

Nilikuwa ndani wakati wa upasuaji, na mashine ndogo ya eksirei ya magurudumu, kwa hiyo niliyoyaona nawapa. Daktari hakushona waya kwenye mafuta ya mwili. Mafuta hayashiki mshono. Ni kama kumfunga ng'ombe kwenye nyasi. Aliushona kwenye ule utando mgumu unaofunika misuli, fundo mara tatu, kisha akavuta kidogo kuhakikisha. Mzee Mutisya aliomba kila waya ukunjwe kwa umbo lake: mmoja kitanzi, mmoja kama ndoano, mmoja umenyooka, mmoja kama mguu wa kuku. Hivyo mtu wa Nairobi ambaye hajawahi kutuona akishika filamu atajua upi ni wa juu na upi wa chini, hata picha ikigeuzwa. Zile punje za dhahabu zilitolewa zote, zikarudishwa Nairobi, jambo lililopunguza wageni huko Mbumbuni.

Tulimweka wodini badala ya kumrudisha nyumbani. Tulingoja uvimbe wa upasuaji ushuke, kwa sababu ukipima nyama iliyovimba unapima kitu ambacho kesho hakipo. Hilo nalo likaririni. Kisha nikapiga picha, siku chache baadaye nikapiga nyingine, nikaziweka moja juu ya nyingine mbele ya taa. Zililingana. Mzee Mutisya alizitazama kwa muda mrefu sana, akasema zinaweza kwenda. Kwake yeye hayo yalikuwa shangwe.

Siku ya safari Kaluki alikuwa anakwenda pia, wakae kwa ndugu yao huko Nairobi mpaka matibabu yaishe. Alinivuta kando karibu na mlango wa eksirei, ambao ulikuwa wazi.

"Daktari wa picha. Mguu ikifura huko, nifanye nini?"

"Uinuliwe kwenye mto, na umwambie daktari wa huko. Usiukande."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Mwaitu."

Akaitazama mikono yake. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona nje ya leso tangu siku ya mbuzi. "Nitakaa naye kutwa kwa benchi. Hii mikono nitaipeleka wapi?"

"Mshike mkono," nikamwambia.

Walikaa Nairobi muda mrefu. Habari zilikuja kidogo kidogo kwa watu waliosafiri: leo ametibiwa, leo mashine imelala, leo ngozi imekuwa nyeusi pale palipopigwa. Hatukuwa na simu ya kuulizia kila siku. Unapeleka mtu na filamu zake, kisha unaendelea kupiga picha za vifua na mikono iliyovunjika, na unazoea kutouliza.

Waliporudi, niliwaona wakivuka uwanja wa hospitali. Syombua alikuwa amekonda na alitembea kwa ugumu, kama mtu aliyevaa kiatu kikubwa, lakini alitembea kwa miguu miwili. Kaluki alikuwa kando yake. Niliwaingiza, nikafunga mlango, nikapiga picha. Kitanzi, ndoano, mnyoofu, mguu wa kuku. Kila mmoja mahali pake. Nawaambia pia yaliyokuja baadaye, kwa sababu najua mtauliza: ugonjwa haukurudi pale, wala penginepo, na aliendelea kulima mteremko ule mpaka mimi nilipostaafu. Lakini siku hiyo hatukujua hayo. Siku hiyo tulijua tu kwamba miale ilipiga mahali ilipotumwa.

"Mguu unaendeleaje?" nikamuuliza.

"Mguu ni mzima," akasema Syombua. Akauinua mkono wake wa kushoto, akafungua na kufunga vidole polepole. "Huu mkono ndio unauma. Mwaitu ameushika tangu tulipotoka hapa."

Kaluki alikuwa anatazama ukutani.

Nilitaka kumwambia Syombua aende akakandwe kidogo. Badala yake nikawafungulia mlango.